Kopo la Sarafu la Marehemu Baba: Nini Kiuzwe, Nini Kibaki

Swali la msomaji: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Korogwe. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa reli, na kwa zaidi ya miaka arobaini alikusanya sarafu za zamani ndani ya kopo la biskuti. Zimo reale kumi na moja, rupia za Mjerumani ishirini na tatu, shilingi za simba kama sitini, pesa za shaba za Kijerumani, pesa za Zanzibar zenye picha ya mizani, hela na senti zenye tundu, vipesa vyembamba alivyookota Kilwa alipokwenda huko kikazi, sarafu za kwanza za Tanzania zenye sura ya Mwalimu Nyerere, na moja ndogo ya njano yenye tembo. Mume wangu anasafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa sababu ya figo, na sasa tunadaiwa shilingi 3,200,000, nusu yake ikiwa ni ya kikoba. Amekuja mnunuzi kutoka Dar es Salaam anayetaka kopo lote kwa shilingi 1,800,000, na anataka jibu Ijumaa. Je, niuze? Nizisafishe kwanza? Ndugu zangu wawili wako mbali na sijawaambia. Kila nikilifungua kopo lile naona kama ninamuuza baba.

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na ninamwombea mgonjwa wako apate nafuu. Kwa mnunuzi wa Ijumaa jibu langu ni hapana, ingawa sikukatazi kuuza. Mtu mwenye mgonjwa wa figo nyumbani hahitaji kuhubiriwa juu ya thamani ya kumbukumbu, na katika miaka zaidi ya thelathini ya kukadiria sarafu sijawahi kumlaumu mtu aliyeuza ili alipe hospitali. Ninachokukataza ni kuuza kopo. Ndani ya kopo hilo mna mali za namna kadhaa zinazonunuliwa na watu tofauti, kwa bei zinazopatikana kwa njia tofauti na kwa kasi tofauti, na anayetaka kuzichukua zote kwa mkupuo analijua jambo hilo vizuri kuliko wewe. Watu husema usinunue mbuzi kwenye gunia. Safari hii asiyejua kilichomo guniani ni muuzaji.

Nianze na lile la kusafisha, maana kosa hilo hufanyika kwa dakika mbili na halirekebishiki. Usizisafishe. Usitumie ndimu, majivu, mchanga, dawa ya meno, wala ile dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba. Weusi ulio juu ya fedha na rangi ya kahawia iliyo juu ya shaba ni ngozi ya sarafu iliyojengeka kwa miongo mingi, na mkusanyaji akiiona imekwanguliwa hushusha bei papo hapo, mara nyingine kufikia nusu, kwa sababu mikwaruzo midogo inayobaki haifichiki mbele ya kioo cha kukuzia. Kama zina vumbi, ziache na vumbi lake. Zitoe kwenye mifuko laini ya plastiki kama zimo humo, kwani plastiki ya aina hiyo ikikaa kwenye joto na unyevu hutoa majimaji ya kijani yanayokula shaba, kisha ifunge kila moja katika bahasha ndogo ya karatasi kavu. Unapoishika, ishike ukingoni, si usoni.

Jambo la pili nililiona katika sentensi fupi uliyoipitisha haraka: ndugu zako wawili hawajui. Kama mirathi ya marehemu haijafunguliwa na kugawanywa, sarafu hizo bado ni mali ya warithi wote, na kwamba kopo limelala chini ya kitanda chako hakukufanyi mmiliki wa vyote vilivyomo. Nimeona kopo dogo kuliko hilo likivunja undugu, na kwa kawaida ugomvi hauanzi siku ya kuuza. Huanza miaka miwili baadaye, mtu anapoona kwenye simu picha ya sarafu kama ile ikiwa imeuzwa Ulaya. Wapigie ndugu zako leo. Wapigie picha kopo lote likiwa limemwagwa juu ya kitambaa cheupe, watumie, waeleze hali ya shemeji yao, na muandikishane karatasi fupi yenye sahihi zenu watatu inayosema ni nini kitauzwa na fedha zitatumikaje. Kama kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, sahihi yake iwemo. Karatasi hiyo ina faida nyingine ya kibiashara: nyumba yoyote ya mnada inayojiheshimu itakuuliza sarafu ulizipataje, na barua inayoeleza kwamba baba yenu alikuwa karani wa reli aliyekusanya kwa miaka arobaini ni kitu ambacho wanunuzi hupenda kukiona.

Sasa tuingie ndani ya kopo, na tuanze na ile ndogo ya njano ambayo wewe umeitaja mwisho.

Mwaka 1916 koloni la Kijerumani lilikuwa limefungiwa bahari na Waingereza, fedha kutoka Ulaya hazifiki, na askari na wapagazi wanataka kulipwa. Wajerumani wakageuza sehemu ya karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Singida, na ikatengenezwa sarafu ya rupia 15 yenye tai wa dola upande mmoja, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, pamoja na mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 16,000 tu, kwani Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji. Kwa hiyo karani wa reli kuwa nayo si jambo la ajabu, imezaliwa reli.

Kama ya baba yako ni halisi, na kama haikutobolewa wala kuchomelewa pete ili ivaliwe kidani, hiyo peke yake inazidi zile 1,800,000 unazopewa kwa kopo zima. Usitegemee neno langu, pima. Nenda kwa sonara mwenye mizani ya kidijiti inayosoma sehemu ya mia ya gramu, mwombe akupimie bila kuiacha mkononi mwake hata anapokwenda chumba cha nyuma, na uandike namba. Halisi ina uzito wa gramu 7.168 na kipenyo cha milimita 22, na dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000, yaani ina gramu 5.376 za dhahabu tupu. Zidisha gramu hizo kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo, na utakachokipata ni sakafu, kiwango ambacho hata ukiamshwa usiku hupaswi kushuka chini yake. Wakusanyaji kwa kawaida hulipa mara kadhaa ya sakafu hiyo, kwa sababu wao hawanunui dhahabu, wananunua Tabora. Pamoja na hayo sikufichi kwamba nakala za kisasa za sarafu hii ni nyingi, nyingine zikiwa za shaba iliyopakwa rangi na nyingine za dhahabu kweli lakini zilizotengenezwa juzi. Uzito ukipungua au kuzidi kwa zaidi ya sehemu chache za mia ya gramu, tulia usiwe na matumaini makubwa. Kuna pia aina mbili, zinazotofautishwa na mahali ncha ya pambo inapoishia chini ya neno OSTAFRIKA, na kwa hiyo picha yako iwe kali kiasi cha kuonyesha herufi hizo.

Huenda mnunuzi wako hakuitaja sarafu hiyo hata mara moja. Mimi ningekuwa yeye, na ningekuwa sina haya, nisingeitaja pia, ningezisifu reale.

Reale, zile sarafu kubwa za fedha, ndizo zinazowadanganya watu zaidi, kwa sababu zimeandikwa 1780. Bibi aliyechorwa ni Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka huohuo, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walikataa sarafu yenye sura nyingine, viwanda viliendelea kuipiga kwa tarehe ileile kwa zaidi ya miaka mia mbili: Vienna, kisha katika karne ya ishirini Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham na hata Bombay. Kwa hiyo mwaka 1780 juu ya reale hauelezi umri wake. Idadi kubwa ya reale zilizobaki Afrika Mashariki zinauzwa kwa uzito wa fedha yake, na nyongeza ndogo. Reale nzima ina uzito wa gramu 28.07, na fedha tupu ndani yake ni gramu 23.39. Kumi na moja zako zina takriban gramu 257.

Rupia za Mjerumani ziko katikati, kati ya bei ya uzito na bei ya mkusanyaji. Kila rupia moja ina uzito wa gramu 11.66, fedha tupu ikiwa karibu gramu 10.69, kwa hiyo ishirini na tatu zinakupa kama gramu 246. Lakini hizi zitazame moja moja. Zile za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zenye Kaiser Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, zilitolewa kuanzia 1890 hadi 1902. Zile za serikali zilianza 1904 na zina herufi ndogo ya kiwanda, A ya Berlin au J ya Hamburg. Miaka mingi ni ya kawaida, michache ni adimu, na hali ya sarafu huamua zaidi kuliko mwaka: rupia ambayo manyoya ya tai wa kofia bado yanahesabika inaweza kulipa mara kadhaa ya ile iliyosuguliwa hadi sura ikawa kivuli. Kama miongoni mwao imo moja kubwa, karibu ukubwa wa reale, iliyoandikwa rupia mbili na mwaka 1893 au 1894, itenge kabisa na wenzake.

Ninalisema hili kwa uchungu wangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilikuwa nayo moja ya 1894, na mwezi wa ada ulipofika nikaipeleka kwa sonara mmoja, ambaye jina lake halina haja hapa, akaiweka kwenye mizani, akanilipa kama fedha ya bangili, na jioni ileile akaiyeyusha mbele yangu nikitazama. Ada ililipwa. Bado nailipia.

Shilingi za simba umezitaja kwa fahari, na ninaelewa kwa nini, kwani zilipita mikononi mwa wazee wetu wote. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilianza kuzitoa mwaka 1921, baada ya florini iliyodumu muda mfupi sana. Zile za kuanzia mwaka huo hadi 1946 zina robo tu ya fedha, yaani gramu 1.94 kwa kila shilingi. Kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Zitenganishe kwa mwaka kabla ya lolote. Hata zikiwa zote sitini ni za kabla ya 1948, fedha iliyomo haifiki gramu 117, na kwa hesabu hiyo shilingi kumi na mbili za simba zina fedha sawa na reale moja. Akikuambia mtu kwamba shilingi hizi ni mali kubwa, ama hajui au anataka ufurahi ili usiulize habari za tembo. Hali kadhalika senti kumi zenye tundu za mwaka 1936, zenye jina la Mfalme Edward wa Nane aliyejiuzulu kabla ya kutawazwa: kisa chake kinasisimua na watu huvumisha kwamba ni adimu, lakini zilipigwa kwa mamilioni na bei yake ni ndogo.

Ukijumlisha reale, rupia na shilingi unapata kama gramu 620 za fedha tupu, iwapo shilingi zote ni za kabla ya 1948. Bei ya dunia hutangazwa kila siku kwa dola kwa kila aunsi, na aunsi ya madini haya ni gramu 31.1, gawanya, zidisha, badilisha kwa shilingi, na utakuwa na sakafu ya pili. Lugha yetu inaita madini haya na pesa kwa jina moja, na katika kundi hili jina hilo linastahili, kwa sababu fedha hizi zinageuka kuwa pesa siku yoyote utakayotaka. Sonara hatakupa bei kamili, maana naye ana gharama ya kuyeyusha na faida yake. Mimi huwaambia watu kwamba akienda chini ya asilimia 70, washukuru na waondoke. Mkusanyaji wa hapa nchini atakupa zaidi.

Shaba nitaipitia upesi. Pesa za Kijerumani za 1890 hadi 1892, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, zinapatikana kwa wingi na hazitakulipia hata wiki moja ya matibabu. Hela zenye tundu vivyo hivyo, ingawa unaweza kuwaambia wanafunzi wako kwamba neno hela wanalolitamka kila siku dukani limetoka kwenye sarafu hiyo, heller, iliyochukua nafasi ya pesa mwaka 1904 rupia ilipogawanywa kwa mia. Kama zimo hela 20 za shaba au za shaba ya njano zenye mwaka 1916 na herufi T, hizo nazo ni za karakana ya Tabora, na zina wanunuzi wake Ujerumani, hasa watu wanaokusanya tofauti ndogondogo za mihuri iliyotumika kupigia sarafu. Hela 5 za mwaka na herufi hizohizo ni bora zaidi. Pesa za Zanzibar zenye mizani ni za Seyyid Barghash. Mwaka ulioandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, 1299, ni wa Hijria na unalingana na 1882. Nimekwisha kupokea simu zisizohesabika za watu wanaoapa kwamba wana sarafu ya miaka mia saba. Za shaba ni za kawaida. Ikitokea miongoni mwake moja ikawa kubwa na ya fedha, yenye mwaka huohuo, simama hapohapo, kwani riali ya Barghash ni adimu kwelikweli na inahitaji mazungumzo ya peke yake.

Vile vipesa vya Kilwa usiviuze. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Mreno kufika, na maandishi yake yana vina, upande wa kwanza ukikamilishwa na wa pili kama mshororo wa shairi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kilichotengenezwa kabla ya hapo kinalindwa, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Licha ya sheria, bei yake sokoni haifai kuiingia hatari hiyo. Andika kwenye karatasi kila unachokumbuka kuhusu mahali baba alipoviokota, kisha wasiliana na Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Hapohapo uwaulize habari ya reale, kwa sababu ofisa wa forodha akiona 1780 anaweza kuzizuia kwa nia njema kabisa, na barua ya wataalamu inayoeleza kwamba hizo zilipigwa baadaye itakuondolea usumbufu. Zile za Mwalimu Nyerere za mwaka 1966, ya samaki, ya mbuni, ya sungura na ya mwenge, hazina kizuizi wala bei.

Tatizo lako halisi, Mwalimu, ni muda. Sarafu ya tembo ina bei kubwa lakini ya polepole, na deni lako ni la sasa. Soko lake liko Ujerumani kwanza, kisha London na Marekani, katika nyumba za mnada zinazochapisha orodha zake na bei zilizofikiwa, ambazo unaweza kuzitazama bure na kulinganisha. Kutoka siku ya kuipeleka hadi siku ya kulipwa hesabu miezi mitatu hadi sita. Kamisheni ya muuzaji mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 20, na inajadilika sarafu inapokuwa nzuri. Uliza pia nani analipa bima, nani analipa gharama za picha, na itakuwaje isipouzwa. Waombe wakubaliane nawe bei ya chini ambayo sarafu haitauzwa pungufu yake. Ipelekwe kwa njia halali, ikiwa imetajwa na kukatiwa bima, si ndani ya soksi ya msafiri.

Kwa hiyo uza haraka kile chenye bei ya haraka, na ukiache cha polepole kiende polepole. Reale zote kumi na moja, pamoja na rupia zilizochakaa ambazo picha zake zitaonyesha kwamba hazina sifa ya pekee, ziuze mwezi huu. Wapate watu wawili au watatu, mmoja akiwa sonara na waliobaki wakusanyaji, na kila mmoja aandike bei yake kwenye karatasi, kwa kila kundi, bila kuona karatasi ya mwenzake. Wewe usitaje bei kwanza, na usitaje ugonjwa wala Ijumaa. Mkutane benki au ofisini, si nyumbani, na anayekuja asijue kopo linalala wapi. Atakayesema nachukua zote au sichukui kitu, mwache aende; na atakayechagua tano nzuri kwa bei ya zile mbovu, mwambie bei ya hizo tano ni nyingine. Hata huyu wa 1,800,000 hujamfukuza: mwambie umeamua kuuza kwa makundi, na kama anataka reale, aandike. Ukiona anakasirika kwa kusikia hivyo, umejifunza kitu kuhusu ile bei yake.

Fedha hizo hazitamaliza deni la 3,200,000, na sitakudanganya kwamba zitamaliza. Zitakupa cha kupeleka kwenye kikoba pamoja na ombi la kulipa kilichobaki kwa awamu, na wanakikundi wengi humsikiliza mtu aliyekuja na sehemu mkononi. Usiiweke ile ya tembo rehani kwa mkopeshaji wa mtaani katika kipindi cha kusubiri, hata akikupa masharti matamu, kwa sababu riba yake itakimbia kuliko mnada, na sarafu ikishafika kwake hutaiona tena kwa bei yoyote.

Umesema unaona kama unamuuza baba. Niliposoma orodha yako niliona kwamba sarafu alizozishika kama mshahara na kununulia mkate, shilingi za simba, senti za tundu na zile za Mwalimu, ni zilezile ambazo soko halizitaki. Hakuna deni litakalopungua ukiziuza, na kwa hiyo huna sababu ya kuziuza. Wape ndugu zako kumi kumi kila mmoja, zilizobaki zirudi kwenye kopo. Ile ya tembo, kwa jinsi ulivyoiandika, yaelekea hata hukuwa na habari nayo hadi ulipokuwa ukihesabu.

Nitumie picha zake kabla ya Ijumaa: pande zote mbili na ukingo, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, ikiwa imelala kando ya rula, na karatasi ya sonara yenye uzito. Nitumie vilevile rupia zote ishirini na tatu zikiwa zimepangwa kwa mwaka. Sitakutoza chochote, na mimi sinunui sarafu za watu ninaowashauri. Hadi nitakapokujibu, mnunuzi wako asisikie neno tembo.